Stendi ya tangi la samaki la futi 5: mbao ama chuma? Nisaidieni kabla sijamwaga maji sebuleni

SamakiWa58, Nakuru (mwenye uzi)

Wadau habari zenu. Kuna mkahawa hapa town ulifunga nikanunua tangi yao, urefu futi 5, upana futi 2, kimo futi 2, kioo cha milimita 12. Kuibeba tulikuwa wanaume wanne na bado mmoja akaminywa kidole. Ilikuja bila stendi juu kule walikuwa wameijengea kaukuta ka mawe, sasa imelala kwa koridoo juu ya godoro kuukuu na bibi anaipita kila asubuhi akiwa amenyamaza, na mnajua kunyamaza huko kunamaanisha nini.

Fundi mmoja wa kuchomelea ameniambia atanipigia ya engo laini (vile vyuma vya umbo la L), miguu minne, asubuhi naleta pesa jioni nabeba. Mwingine wa mbao anataka kutumia mbao ya saipras ya inchi 2x2 na misumari ya inchi 4. Nikiwauliza kama itashika wote wananiangalia ni kama nimewatukana. Boss hii si ni samaki tu.

Nimejaribu kupiga hesabu mwenyewe. Sentimita 150 kwa 60 kwa 60 ni lita 540 ikijaa hadi mdomoni, lakini sitajaza hadi mdomoni so weka 480, yaani mitungi 24 ya lita 20, na kila lita ni kilo moja. Kioo kina kilo 2.5 kwa kila milimita ya unene kwa mita mraba, hii ya 12 ni kilo 30 kwa mita mraba na niko na mita mraba kama 3.4, hapo ni kilo 100. Mchanga wa sentimita 5 chini, kilo 70. Mawe, juu nataka mbuna, wale samaki wa ziwa Malawi, na hao bila mawe wanauana, weka 50. Nimefika kilo 700. Hiyo ni mifuko 14 ya simiti juu ya kitu kina ukubwa wa kitanda cha mtoto, alafu mtu ananiambia 2x2.

Niko graundi floo, nyumba ya kupanga, sakafu ni simiti na taili. Nifanye aje?

---

MotoWaKibuye, Kisumu

Chuma ndugu yangu usisumbuke. Mimi nachomelea hapa Kibuye mwaka wa kumi na moja sasa, nimepiga stendi za tangi la maji la lita elfu tano linakaa juu ya paa na halijawahi kushuka, sembuse samaki. Lakini huyo wa engo laini mkimbie. Engo laini ya inchi moja ni ya kushikia beseni. Chukua tyubu ya skwea 2x2 geji 14, bomba moja ni mita 6, utahitaji kama matatu na nusu hivi. Ukipiga kona vizuri utamwachia mjukuu.

---

InjiniaBilaTai, Eldoret

Mwenye uzi hesabu yako iko sawa, lakini unaogopa kitu ambacho si hatari yenyewe. Mguu mmoja wa mbao 4x2 ukisimama wima na ukiwa mfupi hivyo unabeba tani nzima bila jasho. Weka minne. Kilo 700 kwa miguu minne ni kilo 175 kila mmoja, hiyo ni watu wawili na nusu. Uzito wa kushuka wima hauangushi stendi karibu kamwe.

Zinazoangusha ni tatu na nitazisema kwa mpangilio ninavyoziogopa. Kwanza kulala upande, stendi inayumba kushoto kulia mpaka siku moja inaamua kulala kabisa. Pili stendi iliyosokoteka, kona tatu zinagusa kioo na ya nne iko hewani, kioo hakijui kujipinda, kinapasuka. Tatu ni ile mbao ya juu kubonyea katikati.

Hiyo ya tatu wacha niiseme na namba juu hapo ndipo watu wa chuma na wa mbao wanagombania bure. Nusu ya mzigo wako, kilo 350, iko kwa mbao ya mbele na nusu kwa ya nyuma. Mbao 4x2 ikilazwa kwa ubavu wake mwembamba, yaani inchi 4 zisimame, ikivuka futi 5 bila mguu wa katikati itabonyea karibu milimita 5. Tyubu ya MotoWaKibuye, inchi 2 kwa 2 yenye unene wa milimita 2, ikivuka futi hizo hizo tano bila mguu wa katikati itabonyea pia karibu milimita 5. Sawa sawa. Chuma ni kigumu kuliko mbao kwa mara nyingi sana, lakini hiyo tyubu ni fupi kwa kimo na ndani ni hewa.

Sasa weka mguu katikati. Urefu unagawanyika mara mbili lakini kubonyea kunapungua mara 16. Kumi na sita. Milimita 5 inakuwa sehemu ya tatu ya milimita moja. Kwa hivyo swali lako la mbao ama chuma ni dogo, swali kubwa ni miguu sita ama minne. Sita.

---

MotoWaKibuye

Sijasema asiweke mguu wa katikati

---

InjiniaBilaTai

Hukusema aweke pia 😂

---

RandaYaMzee, Bungoma

Salaam wote. Mimi ni seremala, nimestaafu kazi ya karakana ya shule lakini randa sijaiweka chini. Kijana wa Nakuru, nisikilize upande wa mbao kwa sababu ninyi mko karibu na Elburgon na Molo, saipras nzuri inapita mlangoni pako kwenye malori.

Shida ya saipras si nguvu zake, ni haraka ya wanunuzi. Mbao ya timba yadi mara nyingi imetoka mashineni wiki hii, ukiipiga msumari inatoa machozi. Ukiunda stendi nayo, itakauka ikiwa tayari imebeba maji na itajipinda inavyotaka yenyewe, na hapo ndipo ile kona ya nne anayoisema injinia inapoinuka hewani. Nunua, peleka nyumbani, ipange chini ya kivuli na vijiti katikati ya kila mbao ili upepo upite, weka jiwe zito juu yake, ngoja majuma matatu au manne. Kisha chagua. Iliyojisokota kama kamba, fanya kiti cha kuku. Mafundo makubwa kwenye mbao ya juu usiyakubali, kwenye mguu unaweza kuyavumilia.

Jambo la pili, ambalo ningekuwa karibu ningekuja kulisimamia kwa fimbo: mbao ya juu IKAE JUU ya mguu. Isipigiliwe ubavuni mwa mguu. Vijana wengi hupiga fremu ya juu kisha wanaibandika pembeni mwa miguu kwa misumari minne, maana yake tangi lote limening'inia kwenye misumari. Mzigo utoke kwenye kioo, uingie mbao ya juu, uingie kichwa cha mguu, ushuke sakafuni, mbao juu ya mbao. Misumari na skrubu kazi yake iwe kushikilia tu zisiachane. Mimi hupenda kuunganisha mbao mbili za 4x2 kwa kila mguu, moja fupi inayosimama chini ya fremu na kubeba, na nyingine ndefu ubavuni inayozishika fremu ya juu na ya chini pamoja. Gundi katikati yao. Kuunganisha kwa ulimi na tundu, mbao kuchomekwa ndani ya mbao, ni kuzuri zaidi, lakini sitawadanganya, kwa kitu kitakachofunikwa ni kazi ya kujionyesha.

Mkaratusi ni mgumu kuliko saipras lakini unapasuka na kupinda, ukiupata umekauka vizuri chukua. Mvule usiharibu. Mvule fanya mlango.

---

SamakiWa58

Mzee asante sana, shikamoo. Hiyo ya mbao kukaa juu ya mguu sikuwa nimefikiria kabisa, nimeangalia stendi za ile duka naendaga kununua chakula ya samaki na zote zimepigiliwa pembeni 😬

Na swali, kulala upande unazuiaje? Naona watu wanaweka mbao ya mshazari kama geti.

---

MwalimuPacha, Kakamega

Hapo niacheni niingie juu yalinipata. Tangi yangu ilikuwa ndogo tu, futi 3, stendi ya mbao nzuri kabisa nene, miguu 3x3, lakini nyuma na pembeni wazi hakuna kitu. Ukiisukuma kidogo ilikuwa inacheza, nikasema itatulia ikijazwa maji. Ikatulia kweli kwa miezi kama minne hivi. Siku moja mmoja wa pacha wangu akaegemea hiyo tangi akitafuta kiatu chini ya stendi, nikaona tu maji yanapanda upande mmoja alafu stendi yote ikaenda pole pole kama mtu anaegemea mlango akidhani umefungwa. Niliishika na tumbo. Nimesimama hapo nimeshikilia tangi na tumbo naita majirani na pacha mmoja analia mwingine anacheka. Hakuna aliyeumia ila maji yaliingia kwa sofa, na hiyo harufu nadhani nitahama nayo.

Nikiwa darasani naonyesha watoto hivi. Chukua kiberiti, toa kile kidroo cha ndani, bonyeza ganda pembeni. Linalala flat. Sasa rudisha kidroo ndani ubonyeze tena. Halisongi, na ganda ni lile lile. Hicho kidroo ndio plaiwudi ya nyuma. Nilirudi nikapiga plaiwudi nyuma na pande mbili fupi, skrubu kila sentimita 15 kuzunguka, na stendi ile ile ya miguu ile ile sasa mimi mwenyewe napanda juu na sina kilo chache.

---

InjiniaBilaTai

Mwalimu umefundisha vizuri kuliko lekchara wangu. Mshazari pia unafanya kazi, lakini mshazari mmoja hushika upande mmoja vizuri kuliko mwingine na maungio yake ndiyo yanayolegea. Plaiwudi ya milimita 12 nyuma na pembeni imemaliza. Kwa chuma, MotoWaKibuye anaweza kuchomelea vibati vya pembetatu kwa kila kona, au akafunga plaiwudi na bolti.

---

MotoWaKibuye

Kweli. Na niongeze hivi hata kama mnanionea hapa. Moto unavuta chuma. Ukichomelea kona moja ukaimaliza yote ndio uende nyingine, fremu inajikunja ukiangalia, unaweka pima maji unakuta upande umeinuka. Fundi mzuri anagusa kona zote kwanza kwa vidoti, anapima kona kwa kona, huu mshazari na ule lazima urefu uwe sawa, zikitofautiana anagonga na nyundo mpaka zilingane, ndio anamaliza, na anaruka ruka kutoka kona moja hadi ya mbali. Anayekupatia jioni ya siku hiyo hiyo hajapima. Alafu Kisumu hapa na unyevu wa ziwa chuma bila red oksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, makoti mawili, mwaka mmoja imeanza kuchanua. Ziba pia midomo ya tyubu, maji ya samaki yakiingia ndani inaoza kutoka ndani na hutajua.

---

FuluWaDunga, Kisumu

Nimechelewa kwa uzi. Mimi nafuga fulu, hawa wadogo wa ziwa letu ambao mbuta (sangara) alikuja akawafagia, niko na matangi sita so nimeshakosea mara sita.

Usisahau sakafu. Hapa upande wa Nyamasaria udongo ni ule mweusi wa pamba, mvua ikija unavimba, jua likija unapasuka, na sakafu inaenda nao. Nilisawazisha stendi Januari, Mei pima maji inanionyesha kitu kingine. Nakuru kwenu ni udongo wa volkano sijui sana lakini sakafu ya nyumba ya kupanga karibu kila mara imeelekezwa kwa mlango ili maji ya kudeki yatoke. Pima KABLA. Na ukisawazisha weka vibao chini ya miguu ya stendi, usiweke chochote kati ya stendi na kioo kuinua kona. Nimeona mtu ameweka kadi za simu zilizotumika chini ya kona ya tangi. Kadi. Kona moja inabeba, kioo kingine kinaogelea, ilipasuka usiku.

Na ile foamu ya kuweka chini ya tangi: kama kioo cha chini cha tangi yako kinalala chote juu ya stendi, weka plaiwudi ya milimita 18 na juu yake stairofomu ya sentimita moja, au ile godoro nyembamba ya mazoezi, ili kachanga kamoja kaliko chini kasiwe nukta ya kupasua. Lakini kama tangi ina fremu ya plastiki kuzunguka chini na kioo kiko kimeinuliwa, usiweke, foamu itasukuma kioo kutoka chini kwa mahali hakikuundwa kusukumwa. Na foamu si dawa ya stendi iliyosokoteka, wacha nirudie hiyo juu kila mtu anadhani ni dawa.

---

KijanaWaKondele, Kisumu

Mimi niko floo ya tatu, nataka ya futi 4. Itabeba?

---

InjiniaBilaTai

Sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida huchorewa mzigo wa kilo 150 kwa kila mita mraba, watu na viti na kadhalika. Ya mwenye uzi ni kilo 700 kwenye mita mraba 0.9. Unaona vile hiyo iko mbali. Haimaanishi itaanguka kesho, kwa sababu mzigo unasambaa na sehemu nyingine ya chumba iko tupu, ila sitakuambia weka kwa simu bila kuona jengo. Ukuta wenye biimu chini yake na karibu na nguzo ndio mahali pa kuanzia, katikati ya chumba sahau. Uliza aliyechora nyumba. Ukimkosa, nunua ya lita 60 na ulale.

---

KijanaWaKondele

Nitanunua ya lita 60. Hii ploti hata ngazi zinatetemeka

---

SamakiWa58

Wadau narudi na habari, imepita karibu mwezi na nusu. Nimeenda na mbao, samahani Moto, sababu moja tu, sina mashine ya kuchomelea na nilitaka kuiunda mwenyewe.

Nilinunua saipras 4x2 kama futi 70 kwa shilingi 60 futi, jamaa wa yadi akaniuliza najenga nyumba ya kuku. Nikazipanga kwa varanda na vijiti katikati kama mzee alivyosema, majuma manne, na kweli mbili zilijisokota mpaka nikashangaa, kama ningezitumia siku ile ile ningekuwa nalia sasa. Kimo nimeweka sentimita 75. Fremu ya juu imekaa juu ya miguu, miguu ni sita, kila mguu mbao mbili na gundi, skrubu za inchi 3 na nikitoboa kwanza ndio mbao isipasuke. Kila kona nimepima mshazari, tofauti ilikuwa milimita 2 nikavuta kwa kamba na kijiti nikikaza kama kamba ya kitanda cha kienyeji mpaka zikalingana, hapo nilijisikia fundi kabisa. Plaiwudi 12 nyuma na pande mbili. Juu 18. Varnishi makoti matatu, mpaka ndani na chini ya miguu.

Sasa aibu. Nimemaliza, nimepiga picha nimetuma kwa grupu ya familia, nimeleta ule mtungi wa filta unaokaa chini, sentimita 80 urefu. Hauingii. Mbele kuna mguu wa katikati, kila upande umebaki na nafasi kama sentimita 60, nyuma nimefunga plaiwudi. Nimeuzungusha, nimeuinamisha, nimeongea nao. Jirani akasema kata mguu. Nikamwambia mguu huu unapunguza mara 16, akanyamaza. Mwishowe nikafungua skrubu za plaiwudi ya upande mmoja nikauingiza kutoka pembeni, nikafunga tena. Kama ningepiga misumari ningevunja kila kitu.

---

RandaYaMzee

Hongera kijana. Kila seremala ana kabati moja aliyoiunda ndani ya chumba ikashindwa kutoka mlangoni. Yangu iko bado kwa marehemu shemeji yangu, wameijengea ukuta.

---

FuluWaDunga

Kabla ya maji, jaribu na mzigo mwingine. Usiniambie unaanza na maji.

---

SamakiWa58

Nilianza na simiti 😂 Jirani anajenga Kiamunyi alikuwa ameweka mifuko kwa gareji yake, akanikopesha 14 kwa masharti nisipasue hata mmoja. Kabla ya kupakia nilivuta uzi wa kushona kutoka kona hadi kona chini ya mbao ya mbele, umekazwa umegusa tu mbao. Tukapakia mifuko yote 14, saba saba. Tukaacha usiku mzima. Asubuhi kati ya kona na mguu wa katikati huoni kitu kwa macho, labda unene wa karatasi. Nikasukuma kwa bega, mimi na jirani wote wawili, haikucheza, tulisogeza zulia la sebuleni tu.

Kupakua hiyo simiti mgongo ndio uliniambia maneno.

Alafu sakafu, FuluWaDunga ulikuwa umeniona. Milimita 6 inateremka kwa mlango. Nimetengeneza vibao vya mkaratusi vya unene tofauti nikaweka chini ya miguu ya upande huo, nikipima urefu, upana na kona kwa kona. Tangi nikaijaribu kwanza nje kwa uwanja ikiwa imelala kwa stairofomu na plaiwudi, siku tatu imejaa, haikuvuja, ndio tukaileta ndani.

Sasa iko robo. Nataka kujaza yote leo usiku, kuna mtu ana neno?

---

FuluWaDunga

Usijaze leo usiku. Robo, lala. Pima. Nusu, lala. Pima. Ukiona Bubble ya pima maji imetembea, toa maji, rekebisha vibao, anza tena. Usijaribu kuinua stendi ikiwa na maji hata kidogo, kuna mtu atakuambia leta jeki ya gari, huyo mtu mfungie nje.

---

MwalimuPacha

Na nyaya jamani. Kila waya inayotoka kwa tangi iende chini kwanza alafu ndio ipande kwa soketi, iwe na kitumbo, maji yakitiririka juu ya waya yadondoke pale kwa kitumbo yasiingie kwa stima. Na soketi isiwe ndani ya stendi chini ya maji. Volti 240 haijui wewe ni mpenda samaki.

---

SamakiWa58

Nilingoja. Robo sawa. Nusu, upande wa kulia umeshuka milimita 2, nadhani kibao kimoja kilikuwa bado kinajibana. Nikatoa maji yote kwa paipu mpaka uwanjani, majirani walidhani mfereji umepasuka, nikabadilisha hicho kibao, nikarudia kutoka robo. Leo ni siku ya tano imejaa na mawe ndani na Bubble imekaa katikati kama imegandishwa.

Bibi amekuja akasimama hapo mbele dakika kama kumi hivi. Alafu akauliza mbona haina samaki.

Wale mbuna nilikuwa nataka nimeambiwa maji yetu ya Nakuru yatawafaa, na floridi yake mnaijua kwa meno yetu. Lakini nimekuwa nasoma mambo ya fulu tangu huu uzi uanze na sasa sijui.

---

FuluWaDunga

Mbuna na fulu usichanganye, chagua mmoja. Ukichagua fulu ngoja filta ifanye kazi wiki nne hivi kwanza. Mwisho wa mwezi nakuja Nakuru kwa harusi, nikipata ndoo yenye kifuniko na kapampu ka betri nitakubebea kumi, madume mawili tu, wengine majike. Nitumie picha ya hiyo stendi kutoka nyuma, si mbele. Mbele zote ni nzuri.